Hawakurudi Kwenye Programu

Mama Funguo hakuzaliwa na jina hilo, na mwanzoni hata hakulipenda. Wafagiaji wenzake ndio waliombandika, kwa sababu ya lile furushi la funguo lililoning'inia kiunoni mwake mchana kutwa: funguo thelathini na moja za jengo la ghorofa tisa, na kila mmoja aliujua kwa kuupapasa tu. Akipanda ngazi, unamsikia kabla hujamwona. Na kama umechelewa kazini, ole wako. Unamkuta juu ya ngazi, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ufagio, anakutazama toka unyayo mpaka utosi, na hasemi kitu. Bora angekutukana ukajua moja.

Miaka kumi na tisa alikuwa pale. Wapangaji walikuja wakaondoka, mawakili, watu wa bima, daktari wa meno aliyekuwa akitema mate kwenye sinki la kuoshea vikombe, wote hao walipita, yeye akabaki. Msimamizi hakuwa yeye. Msimamizi alikuwa mwanamume mwenye beji shingoni na chumba chenye feni. Lakini wale wanawake tisa waliofagia naye walimsikiliza yeye, kwa kuwa kazi aliwafundisha yeye. Tena alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka wakawa wanamwigiza akigeuka: deki inapigwa kinyumenyume kuelekea mlangoni, ukifika mlangoni unatoka, unafunga, kazi imekwisha, hurudi ndani tena hata umesahau nini. "Ukirudi unaacha nyayo," alisema, "na nyayo zako atakufutia nani, mama yako?" Walicheka, lakini sijasikia aliyethubutu kurudi.

Kati ya hao tisa kulikuwa na mmoja waliyemwita Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kicheko cha kufungua milango, mjane, na nyumbani alikuwa na wajukuu wawili ambao mama yao aliwaacha kwake akasema anakwenda mara moja, na hiyo mara moja ilikuwa mwaka wa sita. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikiwavisha na kuwalisha. Yeye na Mama Funguo waliingia jengo lile mwaka ule ule mmoja. Kila siku saa nne asubuhi walikaa stoo katikati ya ndoo, chupa moja ya chai, vikombe viwili, wakisutana.

"Shoga, umenenepa," Shangazi husema. "Hizo funguo siku hizi zinakaa zenyewe kama ziko mezani."

"Na wewe ukisimama nyuma ya ufagio hatukuoni, tunaona ufagio unatembea wenyewe."

Hivyo ndivyo walivyoishi, na wangeendelea hivyo kama kazi ya usafi isingechukuliwa na kampuni nyingine.

Kampuni mpya ilimbakiza msimamizi yule yule, ila ikamjaza maneno mapya. Jumamosi moja akawakusanya chini kwenye maegesho ya magari, akasimama juu ya kreti ili aonekane. Alisema kuanzia Jumatatu hakuna tena kusaini kwenye daftari la mlinzi, na daftari lenyewe alikuwa amelibana kwapani, keshalichukua. Kila mtu ataweka kwenye simu yake programu ya mahudhurio.

"Ukivuka geti na simu yako mfukoni, yenyewe inakuona," alisema. "Jioni ukitoka inakuona. Huna haja ya kuigusa, wala kuifungua. Tunajaribu wiki mbili, siku kumi na mbili za kazi. Orodha itakayotoka humo ndiyo ya watakaopewa mkataba mpya. Asiyekuwemo hayumo. Maswali?"

Akashuka kwenye kreti kabla hajaulizwa hata moja. Watu wa namna hiyo huwa wanauliza maswali wakiwa wameshaanza kuondoka, mtaniwia radhi, lakini ndivyo walivyo.

Wanawake wote tisa wakamgeukia Mama Funguo. Yeye alikuwa ameshaiweka kwake. Simu yake ilikuwa ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, mwanawe aliiacha alipopata nyingine. Ilimuuliza kijisanduku kimoja tu: unaruhusu programu ijue mahali ulipo? Ndiyo, Hapana. Akabonyeza Ndiyo, ikatokea tiki ya kijani. "Kumbe hivi tu!" alisema. "Alivyotutisha pale juu ya kreti, utafikiri tunakwenda kupasuliwa. Leteni simu zenu."

Wakapanga mstari stoo. Sasa simu za wenzake zilikuwa mpya kuliko yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, bila mtu kujua. Simu hizo hazikuuliza ndani ya programu. Ukibonyeza kukubali, zinakutoa, zinakupeleka kwenye ukurasa mwingine kabisa, ule wa mipangilio ya simu yenyewe, mweupe, umejaa mistari kama fomu ya polisi. Mwingine angetishika. Mama Funguo hakutishika. Aliusoma mstari mmoja mmoja kwa kidole mpaka akaupata ulioandikwa Mahali, akachagua Ruhusu wakati wote, kidoti kikawa cha buluu. Akasubiri. Ukurasa ukabaki vile vile, haukusema ahsante, haukusema sasa fanya hivi. Basi akafanya lile analolifanya chumba kikishang'aa. Alitoka. Alibonyeza kitufe cha chini, akazima mwanga wa simu, akamrudishia mwenyewe.

"Tayari. Tia mfukoni, na usiiguse tena, usije ukaharibu. Mwingine!"

Akafanya hivyo mara tisa. Hakukosea hata moja, kila mmoja alimfanyia sawasawa na mwenzake.

Ni Shangazi peke yake aliyeuliza. "Shoga, mbona kwangu sikuiona ile tiki ya kijani uliyotuonyesha kwako?"

"Yako simu ya kisasa," Mama Funguo akamjibu. "Haina ushamba wa kujionyesha onyesha. Tia mfukoni, twende."

Stoo nzima ikaangua kicheko, na Shangazi akacheka kuliko wote, akatia simu mfukoni.

Siku kumi na mbili zile watu walifanya kazi kufa kupona. Hakuna aliyechelewa hata dakika tano. Vioo vya ghorofa ya pili vilivyokuwa na ukungu tangu enzi za daktari wa meno viling'aa mpaka ndege akagonga kichwa. Siku ya saba Shangazi alikuja na homa, meno yanagongana, na Mama Funguo alipomwambia arudi nyumbani alikataa katakata. "Isije simu ikasema sikuja," alisema. Akakaa ngazini, akafuta vyuma vya ngazi akiwa ameketi, ghorofa moja baada ya nyingine, akishuka kwa makalio kama mtoto.

Jumatatu ya wiki ya tatu karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa stoo. Mama Funguo alikuwa wa kwanza: siku kumi na mbili, amehudhuria zote. Chini yake wanawake tisa. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Mpaka chini.

Kwanza walidhani ni mzaha. Kisha wakadhani wameisoma vibaya, mmoja akaenda kuchukua miwani. Kisha macho yakazunguka taratibu mpaka yakamfikia aliyesimama na funguo.

"Ehee," akasema mfagiaji wa ghorofa ya nne, ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa na mtu. "Aliyezishika simu zetu ni nani? Na mwenye kumi na mbili ni nani?"

"Jamani, haki ya Mungu..."

"Usimwite Mungu kwenye stoo. Tujibu. Zako zimeingia, zetu zimekwenda wapi? Na ulituambia tusiziguse!"

"Mimi nilifanya kama nilivyofanya kwangu!"

"Basi mbona hatukupata kama ulivyopata?"

Maneno mia yalimjia na kila moja lilikuwa likimfanya aonekane mwizi zaidi. Shangazi ndiye aliyemwokoa, akasogea katikati akasema, "Mwacheni. Mtu haulizwi na watu tisa kwa mkupuo." Lakini hata yeye, aliposema hivyo, alikuwa akitazama ile karatasi, hakumtazama shoga yake.

Walikwenda kwa msimamizi, akawaambia mfumo hauna ndugu, hauna upendeleo, na kama walikuja kazini basi simu zao zilibaki nyumbani. Mlinzi wa geti akasema yeye aliwaona kila siku. Msimamizi akamuuliza, umewaona umewaandika wapi? Mlinzi akatazama mikono yake. Daftari alinyang'anywa yeye mwenyewe. Jioni ile wanawake tisa wakaambiwa wakabidhi aproni.

Mama Funguo hakukubali. Alikuwa na makosa yake lakini si mtu wa kukubali. Alimwomba Shangazi simu yake, kesho yake asubuhi akapanda nayo mpaka ghorofa ya saba, ofisi ya vijana waliotengeneza ile programu. Ndiyo, walikuwa humo humo kwenye jengo, na vikombe vyao vya kahawa aliviosha yeye. Kampuni ya usafi iliwaletea kazi hiyo kwa kuwa walikuwa karibu. Akamkuta mmoja mwenye ndevu nyingi, ambaye kila siku humsalimia "shikamoo mama" bila kuinua macho.

Siku ile aliinua. Akaipokea simu ya Shangazi, akabonyeza hapa na pale, akasema, "Ah. Hawakurudi."

"Nani hawakurudi?"

"Watumiaji, mama. Ukishatoa ruhusa kule kwenye mipangilio, inabidi ubonyeze hiki kishale, urudi kwenye programu. Ukirudi unakuta kitufe kimeandikwa Endelea. Ukikibonyeza ndipo tunaanza kukuona. Hawa walitoa ruhusa, wakaishia huko huko."

"Na mimi je?"

Akaitazama simu yake yenye ufa, akatabasamu kidogo. "Hii ya zamani mno. Haikutoi nje. Inauliza hapo hapo, yamekwisha."

Mama Funguo akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kulifanya katika ofisi ya mtu. "Sasa mwanangu, wewe unamtoa mtu nje ya mlango. Mbona humwambii arudi?"

Yule kijana akakuna ndevu. "Tulikusudia. Tulijua kabisa. Ilikuwa kwenye orodha, ila tukasema wengi watarudi wenyewe, watu wamezoea." Na macho yake yakaenda ukutani, kwenye ubao mweupe uliojaa vikaratasi vya njano. Mama Funguo akayafuata. Kikaratasi kimoja kilisema: Kumrudisha mtumiaji baada ya ruhusa. Na kwa kalamu nyekundu, pembeni: Baadaye. Juu ya ubao wote mtu ameandika kwa herufi kubwa USIFUTE. Miezi miwili Mama Funguo alikuwa akipangusa vumbi la ubao ule kwa ncha ya kitambaa, akikizunguka kila kikaratasi kwa adabu, asije akaharibu kazi za watu.

"Watu tisa," alisema.

"Pole sana, mama. Tutarekebisha wiki hii hii." Na kwa kutaka kumfurahisha, akabonyeza kishale, akabonyeza Endelea, tiki ya kijani ikatokea kwenye simu ya Shangazi. "Umeona? Sasa inafanya kazi."

Shangazi akahesabiwa yupo kazini siku hiyo. Mwenyewe alikuwa nyumbani kwake, keshafukuzwa.

"Niandikie haya uliyoniambia," Mama Funguo akamwomba. Kijana akasema yeye haruhusiwi kuandika barua, barua ni za wakubwa, na wakubwa wamesafiri.

Akashuka kwa msimamizi, akamwaga yote. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo lilimtisha zaidi kuliko kama angemkatiza. Kisha akafunga mlango.

"Nakuamini," alisema. "Mimi mwenyewe niliwaona hawa watu kwa macho yangu. Lakini mimi ni msimamizi, siwezi kuandika kinyume na mfumo nilioupokea. Anaweza kuandika aliyefanya nao kazi." Akatoa karatasi, akaweka na kalamu juu yake. "Mistari miwili tu. Kwamba walikuwepo siku zote kumi na mbili, na kwamba programu ilikosea. Saini. Kesho saa sita mchana orodha inakwenda makao makuu, nikiipata kabla ya hapo naiambatanisha."

Mama Funguo akaishika kalamu pale pale.

"Subiri kwanza," akasema msimamizi, kwa upole. "Ukishaandika kwamba programu ilikosea, siku zako kumi na mbili ataziamini nani? Zimetoka humo humo. Wakubwa wanaweza kuwarudisha wote. Wanaweza pia kusema hii orodha yote takataka, waondoke kumi, tuanze na watu wapya. Watu wapya tunao, majina yao haya hapa. Sikutishi, mama. Nakueleza tu ilivyo."

Mama Funguo akaikunja karatasi akaitia pamoja na kalamu kwenye mfuko wa aproni.

Jioni ile Shangazi alikuwa akimsubiri nje ya geti, amekaa juu ya jiwe. Mlinzi alikuwa ameshamwambia habari ya karatasi.

"Nasikia ni mistari miwili," Shangazi alisema.

"Ninayo hapa."

"Wenzangu wanasema ulikula njama na msimamizi. Mimi sisemi. Nimekaa na wewe stoo miaka yote hii, ningejua. Ila sitaki uniombe radhi, shoga, radhi sitaipika. Andika tu."

"Nitaandika. Nakuapia."

Na wakati anasema hivyo hakuwa akidanganya. Shangazi akapokea simu yake, akainuka, akajipangusa kanga, akamshika mkono, akaenda zake akiwa mwepesi kidogo.

Nyumbani Mama Funguo alimsimulia mumewe. Mumewe alikuwa mtu wa kitandani, miguu ilimwacha mwaka wa nne sasa, na dawa zake, chakula chake na paa lililo juu yake vyote vilitoka kwenye zile funguo. Alisikiliza akitazama ukuta.

"Na huyo Shangazi," akauliza mwishowe, "ingekuwa ni yeye mwenye kumi na mbili na wewe mwenye sifuri, angekuandikia?"

"Angeandika," Mama Funguo akajibu papo hapo, hakufikiri hata kidogo. "Angeandika palepale, na kalamu ya mwenye nayo angeondoka nayo."

Mumewe akaomba maji.

Kesho yake akaingia kazini na karatasi mfukoni. Saa tatu alikuwa hajaandika, akajiambia nimalize kwanza ghorofa ya tano. Saa nne hakunywa chai. Saa tano akapita mlangoni kwa msimamizi mara mbili, feni inavuma ndani, akapita. Saa sita kasoro robo alikuwa kwenye choo cha ghorofa ya tatu akisugua sinki ambalo alikuwa ameshalisugua, anasugua tu, mikono yote miwili ndani ya maji, na ile kalamu aliyoazimwa imo mfukoni inamchoma ubavu. Msimtafutie sababu nzuri. Hakusahau, hakuzuiwa na mtu, na hakufikiria kwamba ingekuwa kazi bure. Aliogopa. Alimwona mumewe pale kitandani, akajiona mwenyewe na miaka hamsini na minne akibisha hodi kwenye majengo ya watu. Alisugua mpaka saa saba. Kisha akaitoa karatasi, imelowa, akaikunjakunja, akaitupa kwenye mfuko wa taka pamoja na nyingine.

Shangazi hakurudi tena getini. Alimpigia simu mara mbili siku ile, na mara moja siku iliyofuata, halafu basi.

Wapya walifika Alhamisi, wanawake tisa, baadhi yao wadogo wa kuwazaa. Msimamizi akamwita Mama Funguo mbele yao akasema huyu ndiye wa kumuiga, siku kumi na mbili hakukosa hata moja, na ndiye atakayewawekea programu. Wakapanga mstari stoo. Alizipokea simu moja moja. Aliwaonyesha polepole, akarudia, akawafanya waonyeshe wenyewe: hapa inakutoa nje, unaruhusu, usiishie hapo, unabonyeza kishale hiki unarudi ndani, unakuta Endelea, unabonyeza, mpaka uone tiki. Hujaona tiki usiondoke mbele yangu. Kila mmoja aliiona.

Wa nne kwenye mstari alikuwa ameshavaa aproni ya Shangazi, ndefu, inamfika vifundoni. Alikuwa msichana mchangamfu, anapenda kujua mambo.

"Mama," aliuliza, "hivi hawa waliokuwepo kabla yetu, walifanya nini mpaka wakafukuzwa wote?"

Stoo nzima ikageuka kumsikiliza. Mama Funguo alikuwa ameinamia simu ya yule msichana, kidole kiko juu ya kishale.

"Walikuwa hawaji kazini," alisema, akabonyeza, na akanyoosha mkono kwa anayefuata.